Kichwa cha Beberu wa Tumpale

Kaeni vizuri, na asisinzie mtu kabla hajaniamulia jambo hili, maana mimi limenishinda.

Katika mji mmoja wenye chuo cha utabibu palikuwa na watu watatu. Mzee Kalisti, mlinzi wa geti la chuo, alijua maana za maneno, kwa kuwa alisoma seminari miaka sita kabla hajamwona mkewe. Mama Kibibi, muuza supu ya vichwa vya mbuzi, alijua kila kitu kilipo ndani ya fuvu. Sikudhani, mwanafunzi wa uuguzi, alijua umbea, na umbea wake ukiusikia mara moja hutausahau kamwe.

Tumpale, aliyelala chumba kimoja na Sikudhani, alikuwa ameshaanguka mara mbili mtihani wa ubongo. Mtihani wenyewe ni wa mdomo: mwalimu anagusa kwa penseli, wewe unataja. Akianguka tena, anarudi kwao kuchuma chai.

Mchana mmoja alikaa karibu na geti akikariri: amigdala, hipokampasi, talamasi. Mzee Kalisti akamwonea huruma.

"Mwanangu, unayatema kama dawa chungu. Hayo ni maneno ya watu kama sisi. Walifungua kichwa, wakaona kitu kama lozi, wakakiita lozi kwa Kigiriki: amigdala. Kingine kimejikunja kama farasi wa bahari: hipokampasi. Talamasi ni chumba cha ndani."

"Na dura mata, mzee?"

"Mama mgumu, kwa Kilatini. Ndio utando wa juu. Wa chini ni pia mata, mama mpole. Huo umama waliutafsiri kutoka kwa matabibu walioandika Kiarabu. Katikati yao ni araknoidi, utando wa buibui."

"Mama wawili kichwa kimoja," Tumpale akasema. "Ndiyo maana kinaniuma."

Baada ya wiki mbili alizijua maana zote ishirini. Lakini kila alipotazama ubongo wenyewe, aliona uji tu. Akaenda kwa Mama Kibibi.

Mama Kibibi akapasua kichwa cha mbuzi kwa shoka, pigo moja. "Majina yenu siyajui," alisema, "ila huu utando mgumu ndio unaonichelewesha kila asubuhi. Huu mwembamba umeng'ang'ania kama mtoto. Hiki kidogo cha nyuma wateja wanakigombania." Tumpale akashika, akachambua, akataja. Alirudi siku tisa mfululizo, mpaka akawa anavipata vyote huku amefumba macho. Supu hakuigusa tena.

Bado kulikuwa na tatizo. Akimwona mwalimu, ulimi ulikuwa unakufa. Sikudhani akamkalisha kitandani.

"Sahau mtihani, nikupe habari za nyumba moja. Ina wake wawili. Mkubwa mkali, anakaa nje. Mdogo mpole, amemkumbatia mume hapumui. Hawatembeleani, mpaka katikati buibui ametanda. Chumba cha ndani sasa, usiniulize." Akaendelea hivyo mpaka lozi na farasi nao wakawa na kashfa zao. Tumpale akacheka mpaka akalia.

Siku ya mtihani mwalimu akagusa utando wa ndani.

"Pia mata," Tumpale akajibu bila kusita. "Mama mpole. Hasemeshani na mwenzake."

Mwalimu akaweka penseli chini, akageukia dirishani mabega yakimtikisika. Tumpale alipata kumi na tisa kwa ishirini.

Baba yake akatuma beberu na ujumbe: "Nyama kuleni wote. Kichwa mpe aliyekufaulisha. Kwetu kichwa hakigawanywi."

Kikaokwa, kikawekwa kwenye sinia. Watatu wakaketi.

"Bila maana," alisema Mzee Kalisti, "ungekuwa kasuku."

"Na maana zako, mzee, angezionyesha puani," akasema Mama Kibibi. "Vichwa mimi ninavyo kila siku. Ila tangu nianze kuvipika, hakuna aliyewahi kunipa hata kimoja."

"Yote hayo alikuwa nayo," akasema Sikudhani, "na bado alikuwa bubu."

Tumpale amesimama na sinia mikononi, mvuke unamwingia machoni. Kila mmoja amesema kweli, na kila mmoja amekwisha kunawa mikono.

Haya, jirani yangu, kichwa kinapoa. Wewe ungekitua mbele ya nani?