Tawi Limelala

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Sema wewe!"

"Pakawa na njia. Na katikati ya njia pakawa na tumbo. Sogeeni. Anayetaka kukohoa akohoe sasa."

Njia yenyewe ilikuwa ya wote. Inaanzia juu vilimani, kwenye miamba wanakokaa pimbi, inateremka ndani ya miombo yenye kivuli, inafika ziwani, halafu inafuata ukingo wa maji mpaka ng'ambo. Pale ukingoni, upande huu ni ukuta wa mawe, upande ule ni maji, na katikati pamebaki upana wa mkeka mmoja. Nani aliichonga? Hakuna. Ilikanyagwa na miguu ya waliokwenda kuoa, waliokwenda kuzika, waliokwenda kuomba chumvi.

Basi siku moja Kiboko akatoka majini, akajilaza juu yake. Akaona raha. Kesho yake akasema ni yake.

"Nani anapita?"

"Mimi Kanga, mzee."

"Fungua kapu!"

Kapu likafunguliwa. Chwa, chwa, chwa, gubu! Likabaki kapu na mwenye kapu.

Wakubwa wa mwituni walijua? Walijua sana. Wakafanya nini? Wakasema, "Mpeni kidogo, atashiba." Hivi ninyi mmewahi kuona tumbo la namna hiyo likashiba? Wao walikuwa wanapita angani au hawapiti kabisa, ndiyo maana walikuwa wapole.

Sasa, huko miambani alikuwapo Pimbi. Mwanamke mfupi, hana mkia, mdomo anao. Binti yake Sikujua aliolewa ng'ambo ya ziwa, na siku hizo alikuwa amejifungua. Kwa pimbi, uji wa kwanza wa mzazi hupikwa kwa unga wa mama yake. Mama asipofika na kapu, maziwa hayashuki, mtoto analia, na upande wa mume wanaanza kunong'ona.

Pimbi akafunga kapu. Unga wa ulezi, boga, asali kidogo. Tepe, tepe, tepe, akashuka.

"Nani anapita?"

"Mimi Pimbi, mzee. Napeleka uji kwa mzazi."

"Kwani nimemzalisha mimi? Fungua kapu!"

Chwa, chwa, chwa, gubu!

Pimbi akarudi kilimani, kesho yake akafunga kapu jingine. Tepe, tepe, tepe, akashuka.

"Mzee, jana ulikula."

"Jana nilikula ya jana. Fungua kapu!"

Chwa, chwa, chwa, gubu! Kiboko akapiga mbweu mpaka mawimbi yakainuka. "Mwambie binti yako anywe maji ya ziwa. Yako mengi. Kaa na ufupi wako huko juu, kipande cha mnyama."

Na kutoka ng'ambo, sauti ikavuka maji: nyee, nyee, nyee. Sauti kavu, ya mtoto anayenyonya na hapati kitu.

Pimbi hakulia. Hasira ilimpanda ikamkaa kooni kama mfupa, haimezeki, haitemeki. Akamwangalia Kiboko kuanzia pua mpaka mkia, akasema moyoni: haya, wewe, nitakutembeza.

Sikilizeni hapa. Wasafiri wa njia ile walikuwa na adabu yao. Anayetangulia, akifika kwenye njia panda, hukata tawi bichi akalilaza kukingama njia isiyofaa. Anayekuja nyuma akiona tawi limelala, hapiti, anashika njia iliyo wazi. Hata kinda la kanga lilijua. Kiboko pia alijua. Lakini Kiboko tangu azaliwe hajamwekea mtu hata jani, na hakuamini kwamba yupo anayeweza kumhangaikia mtu asiyemwona. Aliona ni ujanja tu.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umefunika ziwa. Pimbi akaficha kapu la tatu kichakani, akamkabidhi shoga yake Kanga.

"Akiondoka tu, shoga, jitwishe ukimbie mpaka kwa Sikujua."

"Ataondokaje yule?"

"Nitamwambia ukweli."

Kanga akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Pimbi akajipaka boga bichi mdomoni, akashuka mikono mitupu.

"Nani anapita?"

"Mimi, mzee."

"Kapu liko wapi?"

"Mkononi sina kapu, unaniona."

Kiboko akanusa. Fff, fff. "Na hapo mdomoni?"

"Boga."

"La wapi?"

"La shambani kwangu. Mwaka huu yamezaa mpaka yanalaliana, mzee. Mengine yanatuozea."

Mate yakamtoka Kiboko, yakatengeneza dimbwi. "Njia ya huko?"

"Unapanda tu. Kuna panda tatu. Kila panda, njia moja ina tawi. Tawi likilala, usipite. Shika iliyo wazi, utatokea shambani."

Na ilikuwa kweli tupu! Kama Kiboko angemsikiliza, angelimaliza shamba mpaka majani, na watoto wa miambani wangelala njaa mwaka mzima. Pimbi aliyajua hayo.

Kiboko akainuka. Njia ikapumua. Gudu, gudu, gudu, akaingia miomboni, na Pimbi nyuma yake, tepe, tepe, tepe.

Wakafika panda ya kwanza. Kushoto wazi. Kulia limelala tawi la mninga. Kiboko akasimama. Akatazama kushoto. Akainua mguu kuelekea kushoto! Pimbi akashika kifua, akapaza sauti, na ninyi mseme naye:

"Tawi limelala, mzee, usipite!"

Mguu ukabaki hewani. Kiboko akageuka, akacheka kwa tumbo. "Unavyohangaika! Boga zima mnalificha kwa kijiti? Mimi mtoto?"

Kwacha! Akalikanyaga tawi, akashika kulia. Gudu, gudu, gudu.

Miombo ikaisha, kikaanza kilima. Ukungu ukaondoka, jua likatoka. Panda ya pili.

"Tawi limelala, mzee, usipite!"

"Funga mdomo, usiye na mkia!" Kwacha! Gudu, gudu.

Mawe yakaanza kuchoma nyayo. Ngozi ya Kiboko ikamvuta, maana ngozi ile ni ya majini. Panda ya tatu.

"Tawi limelala, mzee! Usipite!"

"Sasa ndiyo nimejua nimekaribia." Kwacha! Gudu... gudu.

Akatokea kwenye korongo la mawe matupu, hakuna jani, hakuna kivuli cha kumtosha hata mjusi. Jua likamkaanga. Ngozi ikapasuka, jasho jekundu likamchuruzika mgongoni. Akakaa chini, puuu!

"Boga liko wapi?"

Pimbi alikuwa amepanda juu ya jabali refu. "Uliliacha kwenye panda ya kwanza."

"Na maji?"

Pimbi alikuwa anatazama chini, mbali, kwenye ukingo wa ziwa. Vidoa vidogo vilikuwa vinapita kimoja nyuma ya kingine, na makapu vichwani, na hakuna aliyekuwa anasimamishwa. Ng'ambo, kwenye nyumba ya Sikujua, moshi ulikuwa unapanda. Uji uko jikoni.

Ule mfupa wa kooni ukatoka.

"Nani anapita?" akauliza.

Kiboko akageuza macho huku na huku.

"Nimekuuliza. Nani anapita?"

"Mimi... Kiboko."

"Fungua kapu!"

"Sina kapu, mama. Nitafungua nini?"

"Hata mimi nilirudi sina cha kufungua, mara mbili. Mjukuu wangu alilia usiku kucha, ukasema anywe ziwa. Na wewe kanywe basi."

"Nakufa, Mama Pimbi. Niambie tu ziwa liko upande gani."

Pale chini alipokaa, Kiboko aliona mawe tu. Pimbi angeweza kunyamaza. Angeweza kumdanganya, na nani angemlaumu? Lakini akanyoosha mkono.

"Liko nyuma yako. Rudi ulikopita, uteremke tu. Ukiharakisha utafika."

Vijicho vya Kiboko vikamganda. Vikaangalia nyuma. Vikaangalia mkono wa Pimbi. Halafu mdomo ukatabasamu, pamoja na mipasuko yake.

"Unanidanganya," akasema.

Akainuka, akaenda mbele.

Gudu.

Gudu.

Du.

Tangu siku hiyo, kwenye mdomo wa korongo lile limelazwa tawi, na likikauka hubadilishwa. Pimbi mwenyewe ndiye aliyelaza la kwanza.

"Funzo gani hapo? Ninyi mnapenda mafunzo kama nzi. Haya, chukueni. Semeni ukweli kila siku, kwa kila mtu, kwa sauti. Ukweli haujawahi kumdhuru yeyote. Na mkubwa mkimkuta amelala njiani, msimkasirikie, ana mzigo mzito wa tumbo. Mwelekezeni tu vizuri. Mimi hadithi yangu nimeilaza hapa kama tawi. Tawi limelala!"

"Tusipite!"

"Basi shikeni iliyo wazi, mkalale."