Achari ya Nani?

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana ndimu zilikuwa chachu vilevile, alikuwako mama mmoja mjane, jina lake Mwanamkasi. Alimlea mwanawe kwa kufua nguo za watu mpaka vidole vikachubuka. Siku moja akasema, basi, imetosha! Akatengeneza achari ya ndimu aliyofundishwa na marehemu mamaake, akajaza chupa arobaini, akazipanga barazani. Akakaa, akangoja wanunuzi.

Mwezi ukapita. Wanunuzi wako wapi? Walikuja inzi tu.

"Mama, tuitangaze," akasema Saumu, mke wa mwanawe.

"Niitangaze ya nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Mbona hiki kizuri chetu hakijabanduka barazani?"

Mwanamkasi akataka kufoka, lakini beseni la kufulia lilikuwa palepale mlangoni, linamngoja. Akaogopa. Akasema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia: "Haya! Atakayeitoa achari hii barazani, nisirudi tena kwenye beseni, ndiye ambaye jina lake litaandikwa kwenye kibao cha duka. Naapa!"

Akasikia Saumu. Akasikia Shekue, mwanawe. Akasikia na Bi Kidawa, jirani wa ua kwa ua, ambaye yeye na Mwanamkasi hawapikiki chungu kimoja tangu ule ugomvi wa kuku.

Saumu akaanza. Akatia achari katika mabakuli kumi na mawili, akayapeleka nyumba kumi na mbili. Sasa nyie mnajua adabu yetu: bakuli la jirani halirudi tupu. Saumu akawaambia watu wa kila nyumba, "Safari hii msirudishe sukari wala mayai. Rudisheni neno. Semeni kilichowapendeza na kilichowachukiza."

Mabakuli kumi na moja yakarudi na neno moja: "Tamu! Mashallah, mikono yako isikauke!" Na sukari wakatia vilevile. Adabu ni adabu.

La kumi na mbili akalileta Bi Kidawa mwenyewe. Achari imo kama ilivyokwenda, kipande kimoja tu kimeumwa.

"Mwanamkasi, hao wamekuonea haya. Ndimu zako chungu, hukuzipa jua la kutosha. Na pilipili umemwaga kama unafukuza majini!"

"Waja kuniumbua mlangoni kwangu?"

"Nakwambia kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Akageuka, akaenda zake kwa maringo.

Mwanamkasi alilia kwa hasira. Machozi yalipokatika akachovya kidole, akaonja. Loo! Ilikuwa chungu kweli. Akaianika siku saba zaidi, akaichanganya na ndimu mpya ili pilipili ipungue. Akaonja tena, akajipigia vigelegele peke yake.

Ikawa zamu ya Shekue. Yeye alichukua chupa tano tu. "Mama, tusimkimbilie kila mtu. Tuanze na mkaanga mihogo wa sokoni, maana mhogo mkavu hunoga kwa achari." Akasimama pale, kila sahani ya mhogo akaitilia kijiko kimoja, bure. Siku ya kwanza bure, ya pili bure, ya tatu bure. Siku ya nne akajilaza mkekani.

"We Shekue, una wazimu? Watu ndiyo kwanza wameonja, wewe umelala!"

"Subiri, mama."

Alasiri haijaisha, watu hao wanakuja, mihogo mkononi inapoa. "Iko wapi achari? Mhogo gani huu usio na achari?" Kufika magharibi, baraza nyeupe! Hata beseni la kufulia likatiwa ndimu za kutengeneza nyingine. Mwanamkasi akasimama barazani, kifua kimemjaa, akasema, "Mama yangu angekuwepo leo, angecheza!"

Duka likafunguliwa. Akaitwa mchoraji wa vibao. Kibao chenyewe kidogo, jina ni moja tu.

Saumu akasema, "Mama, bila mabakuli yangu, Bi Kidawa angesemea wapi?"

Shekue akasema, "Maneno hayamtoi mtu sokoni. Hamu niliwatia mimi, nikawaleta mpaka mlangoni."

Bi Kidawa akachungulia juu ya ua. "Hamu ya uchungu ule? Mngewaonjesha ile ya kwanza, wangewakimbia mpaka leo! Kweli, sikutaka kukusaidia, Mwanamkasi, nilitaka kukuumbua. Lakini nani mwingine alikwambia? Na ulisema 'atakayeitoa', hukusema 'wa nyumbani kwangu'."

Mwanamkasi akawatazama mmoja mmoja, akajivunia wote watatu, hata huyo wa ugomvi wa kuku. Mkwe mwenye akili, mwana mwenye ujanja, jirani asiyejua kusema uongo! Ni mama gani mwingine mtaani aliyekuwa na watu kama hao?

"Bibi," akasema mchoraji, "rangi inakauka. Niandike achari ya nani?"

Haya, nyie mnaojua kula, jibuni. Wala msiniambie "wote", kibao ni kimoja na kiapo ni kiapo. Saumu aliyeuliza, Kidawa aliyesema kweli kwa nia mbaya, au Shekue aliyewanyima ili watake? Je, jina la nani lilistahili kuandikwa?