Hodi Katika Darasa la Mwalimu Kilelu

Asubuhi ile darasani walikuwapo hawa. Wawuda Mwashigadi, ambaye zamu ya mlango ilikuwa yake. Righa Mlamba, kiranja, aliyekaa mbele. Machocho Nyambu, aliyekaa nyuma ingawa nafasi za mbele zilikuwa tele. Mkawasi Ndigha, aliyekaa peke yake chini ya ramani ya dunia. Hao ndio wanafunzi wote wa kidato cha tatu waliochagua somo la Maarifa ya Ulimwengu, maana somo hilo lilijulikana kwa ugumu wake na wengi walilikwepa. Mwalimu Jeremia Kilelu hakuwapo.

Mwalimu huyo alikuwa na darasa, na darasa lake lilikuwa na sheria. Siku ya kwanza ya muhula hakufundisha kitu. Alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akazitamka sheria zake polepole kama mtu anayepanga mawe ya msingi. Kengele ikilia, mlango hufungwa kwa komeo, na ukishafungwa haufunguliwi kwa mtu yeyote mpaka somo liishe. Anayebisha nje hajibiwi. Kazi iliyochelewa haipokelewi. Anayetaka kusema huinua mkono, hungoja ruhusa, husema, huketi. Na mwalimu asipokuwapo, kila jambo lifanywe kana kwamba yupo. Kisha akawaeleza kwa nini. Alisema kwamba nje ya milima hii ipo dunia kubwa isiyowajua kwa majina, wala haiwangoji, na kwamba yeye asingependa waijue siku watakapokuwa wamechelewa.

Machocho aliinua mkono, akangoja ruhusa kama ilivyoamriwa.

"Mwalimu, na wewe je, ukichelewa?"

Wengine waliinamisha vichwa ili kicheko kisionekane. Kilelu hakukasirika. Aliuangalia mlango kwa muda, kama aliyeulizwa jambo la maana, akajibu, "Nikichelewa nitakaa nje. Sheria isiyonifunga mimi haiwezi kuwafunga ninyi."

Neno hilo Wawuda alilipenda. Nyumbani alimsimulia mama yake, Mshai, naye mama akasema kwamba mtu wa namna hiyo ni haba. Mshai alikuwa amekwisha kuwaambia majirani wote wa mteremko wao kwamba mwanawe atakuwa mwalimu. Na chuo ambacho Wawuda alikitamani hakikumpokea mtu asiyefaulu Maarifa ya Ulimwengu.

Haukupita muda, sheria ikajaribiwa. Mlango ulikuwa umefungwa, mwalimu alikuwa ameitwa ofisini, nao walikuwa wakiandika kimya. Mara sauti ya bawabu ikasikika nje, "Fungueni, fungueni! Ng'ombe wa shule ameanguka bondeni!" Machocho alikuwa amekwisha kuvua koti. Siku hiyo pia zamu ya mlango ilikuwa ya Wawuda, naye hakufikiri. Alilivuta komeo, akafungua. Pale nje hapakuwa na bawabu. Alisimama Kilelu mwenyewe, ametulia, kitambaa cha ubao mkononi.

"Ng'ombe yuko wapi, Wawuda?"

Darasa zima lilicheka, mwalimu hakucheka. Alimwambia Wawuda kwamba amefungua kwa huruma, na kwamba nyumba nyingi zimeibiwa kwa milango iliyofunguliwa kwa huruma. Kazi yake ya siku hiyo haikupokelewa. Alisimama kizingitini mpaka somo likaisha, ukungu ukimlowesha mabega, akisikia kupitia ubao wa mlango habari za nchi zenye jangwa. Alipokuwa akiondoka mwalimu alimwambia, bila ukali, kwamba akifungua mara ya pili hatarudi katika darasa lake. Tangu siku hiyo Machocho alimwita Mama Ng'ombe, naye alilivumilia jina hilo, kwa sababu alijua amelistahili.

Sasa basi, asubuhi ile niliyoanza kuitaja, kengele ililia na mwalimu hakuwa ameonekana. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Madirisha ya darasa lile yalitazama bondeni, si upande wa njia, kwa hiyo hawakuweza kuona kama anakuja. Wawuda alisimama mlangoni ameshika komeo, akamtazama Righa.

"Funga," Righa akasema.

"Hajafika."

"Kwani sheria inasema kengele ikilia na mwalimu akiwapo? Inasema kengele ikilia. Funga."

Wawuda alifunga. Righa akawaambia wafanye kana kwamba mwalimu yupo, nao wakafanya hivyo, kwa maana walikuwa watoto watiifu, hata Machocho kwa namna yake. Kazi waliyopewa juzi yake ilikuwa swali moja: nchi ina wajibu gani kwa mtu aliyesimama mpakani mwake asiye na pa kurudi? Righa alisoma jibu lake kwanza. Alikuwa ameandika kwamba nchi isiyolinda mpaka wake si nchi, ni uwanja. Jibu lilikuwa zuri, na Wawuda akajiona mdogo, kwa kuwa lake lilikuwa na mistari michache tu nayo ilipingana. Katika mstari wa kwanza alikuwa amemfungulia mtu yule, na katika wa tatu amemrudisha.

Ndipo wakasikia mlango unagongwa. Haukugongwa kwa nguvu. Ulikuwa mgongo wa mkono, au labda goti, chini kidogo ya mahali watu wanapogonga.

"Hodi," sauti ikasema.

Wote waliijua sauti ya mwalimu wao. Lakini ilikuwa imekauka, nayo ilikuja na kikohozi kifupi.

"Leo ameongeza na kikohozi," Machocho akanong'ona. "Mama Ng'ombe, usituaibishe tena."

Righa aliweka kalamu mezani. Alikuwa kijana wa kupanga mambo, akalipanga na hili. Alisema kwamba kama aliye nje ni mwalimu anayewajaribu, basi wakifungua wameshindwa. Kama ni mwalimu aliyechelewa kweli, yeye mwenyewe alisema atakaa nje. Na kama ni mtu mwingine, mlango haufunguliwi kwa mtu yeyote. Njia zote tatu alizifuata mpaka mwisho, na kila moja ilimfikisha kwenye mlango uliofungwa. Wawuda alizifuata pia akilini mwake, akaona kwamba Righa hakukosea hata moja. Hata hivyo mkono wake haukutoka kwenye komeo. Chuma kilikuwa baridi, na alihisi kana kwamba mtu aliye upande wa pili amekishika pia.

"Hodi," sauti ikasema mara ya pili.

Watu wa kwetu hufundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kusoma: hodi hujibiwa. Unaweza kuwa huna chakula, unaweza kuwa na mgonjwa ndani, unaweza hata kumchukia aliye nje. Utasema karibu, au utasema ngoja kidogo, lakini kunyamaza hunyamazi. Na anayepiga hodi mara tatu asijibiwe huondoka, wala hana haki ya kulaumu, kwa sababu nyumba isiyojibu ni nyumba isiyo na watu. Wawuda alilijua hilo. Neno karibu lilimjaa kinywani, akalizuia kwa meno. Alijiuliza ni nani aliyemfundisha jambo kubwa zaidi, mama yake au mwalimu, na hapo hapo akakumbuka kwamba mama yake ndiye aliyemwambia amsikilize mwalimu.

Mkawasi, ambaye siku nyingi hakusema kitu, alikuwa ameinua mkono. Aliunyosha sawasawa, akingoja ruhusa. Righa alimwona. Akamtazama, akaitazama meza tupu ya mwalimu, akamtazama tena. Wa kutoa ruhusa hakuwapo. Kama angeitoa yeye, angekuwa amejifanya mwalimu, na sheria haikutaja kiranja. Kama asingeitoa, msichana angekaa vile mpaka jioni. Huo ndio wakati pekee Wawuda alipomwona amekwama, na jambo hilo lilimtisha kuliko ile sauti ya nje.

"Sema tu, dada," Machocho akasema, wala sauti yake haikuwa na mzaha.

Mkawasi hakusema. Machocho hakuwa mwalimu.

"Hodi," sauti ikasema mara ya tatu, chini zaidi, karibu na sakafu.

Wawuda alingoja aitwe kwa jina. Alijiambia kwamba akisikia jina lake atafungua, na afukuzwe, na mama yake awaeleze majirani atakavyoweza. Lakini jina hakulisikia. Alisikia kitu kikiteleza juu ya ubao wa mlango, kama nguo, na baada ya hapo hakusikia kitu. Righa akashusha pumzi. Akasema kwa upole kwamba mwalimu ameondoka, na kwamba kesho atawasifu. Akamwomba Wawuda asome jibu lake. Wawuda alisoma. Hakuna aliyemsikiliza, naye mwenyewe hakujisikia. Mkono wa Mkawasi ulikuwa bado juu, na nyuma yake kwenye ramani bahari zote zilikuwa shwari.

Kengele ya mwisho wa somo ilipolia, Wawuda alilivuta komeo. Kilelu alikuwa ameketi kizingitini, mahali pale pale alipomsimamisha Wawuda, mgongo ukiegemea mwimo wa mlango. Viatu vyake vilikuwa na tope la njia ya mkato, ile yenye mwinuko mkali, ambayo mtu wa umri wake hakuipita ila awe na haraka sana ya kutochelewa. Mapajani alikuwa na chaki zake. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu, lakini macho yalikuwa wazi.

Machocho alikimbia ofisini bila kuomba ruhusa. Righa alisimama ndani ya mlango, hakuvuka kizingiti, akirudia maneno, "Lakini alisema mwenyewe. Alisema mwenyewe," kama mtu anayetafuta hesabu yake imeharibika wapi. Mkawasi alishusha mkono. Akapita kati yao, akaketi chini, akakiegemeza kichwa cha mwalimu begani mwake.

Wawuda alipiga magoti. "Mwalimu," akasema, "karibu." Lilikuwa neno la kipumbavu, lakini ndilo lililokuwa kinywani mwake muda wote ule. Kisha akauliza, "Mwalimu, tulifanya vibaya?"

Kilelu aliutazama mlango uliokuwa wazi. Akalitazama komeo. Akamtazama Wawuda, kwa muda mrefu, kwa makini, jinsi alivyokuwa akilitazama jibu ambalo hakulitazamia, kabla ya kuamua kama alipatie alama au asilipatie. Midomo yake ilijaribu kufanya kitu. Likaja gari la shule, wakamwinua, wakamweka nyuma juu ya magodoro ya bweni, na gari likateremka na ukungu ukalifunika.

Wale wanne hawakuagizwa kwenda popote, basi walirudi darasani wakaketi kila mtu mahali pake. Mlango walijadiliana kama waufunge au wauache. Righa alisema kengele ya somo lingine haijalia. Machocho alisema, "Uacheni tu." Wakauacha nusu, hauko wazi wala haujafungwa, na upepo ukawa unaucheza. Baadaye Righa alisema kwamba ingetokea tena angefanya vile vile, kwa sababu mtu hawezi kuitii sheria siku njema na kuiasi siku mbaya. Alisema hivyo akilia. Mkawasi alisema kwamba anayejaribu watu hapigi hodi. Anayejaribu huzua ng'ombe. Alikuwa amelijua hilo tangu hodi ya kwanza, akangoja ruhusa ya kulisema. Wawuda aliwasikiliza wote wawili, akaona kila mmoja amesema kweli, na kweli hizo mbili zilikataa kukaa kwenye dawati moja.

Nanyi watu wazima mnaonisikiliza, mnaofunga milango ya nyumba zenu, na ya mabaraza yenu, na ya makanisa yenu, kwa sheria njema mliyopewa na mtu mwema, nawauliza hili, kwa maana Wawuda aliniuliza mimi kwanza: aliyeiweka sheria akija kubisha nje ya sheria yake, amtiiye ni yupi, anayelishika komeo au anayeitika hodi?

Jeremia Mwasaru Kilelu, mwalimu wa Maarifa ya Ulimwengu, alikufa siku hiyo hiyo njiani, kabla gari halijafika hospitali.