Chemchemi Isiyo na Jina

Sogeeni, mlioshiba na mnaodanganya kuwa mmeshiba. Nina watu watatu wa mlima mmoja kule Taita, na wamenishinda.

Wawuda alikuwa na kipaji cha kusikiliza. Maghanga alikuwa na kipaji cha shoka. Kavutha alikuwa na kipaji cha kuotesha. Angepanda hata ufagio ukatoa majani.

Kwa miaka ishirini Wawuda alikuwa afisa wa ustawi wa jamii. Alipanda na kushuka mlima kwa miguu, nyumba hadi nyumba, kwa yatima na kwa wajane. Wanawake walimwita kutoka mbali, "Wawuda! Pita unywe uji!" Naye kwa huruma akawagawia maskini miche ya mikaratusi, wapate nguzo za kuuza. Mikaratusi ikakua, ikanywa maji, chemchemi ya mlima ikakauka. Alipojua kosa lake, aliacha kazi akajiunga na chama cha kijani. Watu walicheka: "Unaomba kura za miti?" Akaanguka mara mbili, ya tatu akaingia bunge la kaunti. Huko alipigania sheria kwamba mikaratusi yote iliyo karibu na chemchemi ikatwe, nayo sheria ikapita. Lakini tangu siku hiyo akawa Mheshimiwa. Hata wale wa uji walimwita Mheshimiwa, na moyo wake ulitamani mno kuitwa jina lake.

Sheria bila shoka ni karatasi. Miti mia mbili juu ya chemchemi ilikuwa ya Maghanga. Ilipandwa na mwanawe Righa, mwaka ule alioondoka kwenda ughaibuni asirudi.

"Mheshimiwa," Maghanga alimwambia Wawuda, "hii miti ndiyo barua yake pekee."

Wawuda hakumtajia sheria. Alikaa naye, akamsikiliza habari za Righa mpaka jua likageuka. Kesho yake Maghanga akaikata miti yote, wala hakukubali kusaidiwa.

Mlima ukabaki uchi. Ndipo akatoka Kavutha, aliyeolewa hapo kutoka Ukambani, na baada ya miaka thelathini bado wanamwita mgeni. Akaotesha mikuyu, miti inayotunza maji. Kiangazi mara tatu alijinyima maji ya kuoga akainywesha miche. Mwaka wa nne, maji yakatoka.

Sasa, mlima huo una desturi yake. Chemchemi ikikauka, jina lake hufa nayo. Ikirudi, hupewa jina la mtu mmoja aliye hai, yule aliyeirudisha, naye hunywa kata ya kwanza. Jina hilo haligawanywi.

Watu wakakusanyika, wakamkabidhi Wawuda kata iliyojaa. "Amua, Mheshimiwa. Ukiona ni yako, kunywa."

Maghanga akasema, "Righa akirudi akauliza njia, aambiwe pita kwa Maghanga. Atajua nilimngoja."

Kavutha akasema, "Nyinyi niiteni mgeni hadi kaburini, nimezoea. Maji haya yaniite mwenyeji."

Moyoni Wawuda alikuwa akiwasikia wanawake wa asubuhi wakiitana njiani, "Twende Wawuda!" Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kura, akaona haya kwa kulitaka. Tena akaikumbuka miche aliyoigawa kwa mkono huu huu ulioshika kata. Aliitazama midomo ya Maghanga iliyokauka, akatazama nyayo za Kavutha zilizopasuka, kata ikiwa bado imejaa.

Hapo nami nimekwama. Bila sheria na sikio la Wawuda, Maghanga asingeshika shoka. Bila shoka, mikuyu ya Kavutha isingepata pa kusimama. Bila mikuyu, tungekuwa na kilima cha visiki tu. Na aliyekausha maji akihangaika nusu ya maisha yake kuyarudisha, je, hilo linampunguzia haki au linamwongezea?

Semeni basi, ninyi mliosikia. Kesho asubuhi mama atatoka na mtungi wake, na jirani atamuuliza aendako. Amtaje nani?