Mzee Nyani Arudia Utoto

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa yai.
La nani?
La mkubwa.
Na mtoto je?
Mtoto akae chini, ngano inaanza. Na wewe unayechezea kiatu, kaa nawe.

Hapo kale palikuwa na jabali, na juu ya jabali alikaa Mzee Nyani. Mabega kama milango, meno marefu, akikohoa tu, hoo! hoo!, ndege wanahama mti. Yeye ndiye aliyeweka miiko ya chakula katika mji wa wanyama. Mtoto akila yai, atakuwa mwizi. Mtoto akila ini, atakuwa mwoga. Mtoto akila firigisi, hatamheshimu baba yake. Basi mayai, maini na firigisi, vyote vilipandishwa jabalini kila jioni, na Mzee Nyani alivila peke yake. Kwa kuwahurumia watoto, alisema.

Na watoto walikula nini? Miwa. Asubuhi miwa, mchana miwa, jioni miwa. Fyonza, tema. Fyonza, tema. Watoto walinyamaza, wazazi wakashukuru.

Bibi Nguchiro hakushukuru. Nguchiro mnamjua, hajui kutulia: huyoo kulia, huyoo kushoto, pua chini, mkia nyuma. Lakini mwaka huo alikosa utulivu kwa jambo jingine. Binti yake wa mwisho, Mashavu, alikuwa anakaa. Nguchiro, anakaa! Wenzake wanakimbizana, yeye amekaa, tumbo mbele, miguu njiti. Jina Mashavu, na mashavu yenyewe hana.

"Mtoto ana adabu huyu," majirani walimsifu. "Mtulivu kama nini!"

Kila akisikia hivyo, Nguchiro alishikwa na hofu. Alimkumbuka kaka yake, Fumo. Fumo naye alikuwa mtoto mtulivu wa miwa. Alikua, akaoa, watu wakasema kapona utoto. Alipofika umri wa kuwalea wanawe, macho yakafifia. Kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona. Akafa kabla hajaota mvi. Wengine walisema karogwa. Nguchiro alisema: ni ile miwa, ilimsubiri tu akue.

Sasa aliona ile ile miwa inamsubiri Mashavu.

Akapanda jabalini, huyoo kulia, huyoo kushoto, mpaka juu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Simama sehemu moja, unanitia kizunguzungu."

"Mzee, nina mtoto hana nguvu. Naomba yai moja tu."

"Ana umri gani?"

"Alizaliwa masika yaliyopita."

"Na unataka awe mwizi?"

"Afadhali mwizi mwenye mbio, Mzee, kuliko mwema asiyeweza kusimama."

"Toka hapa!" Nyani akanyanyuka amkamate. Hakufika mbali. Goti likalia kwa!, pumzi ikaenda huu, huu, na kidole gumba cha mguu kikamwaka kama kaa la moto. "Mama yangu weee!" Akakaa chini puu!

Kidole hicho kilikuwa kikimtesa tangu mwaka juzi. Mji mzima ulijua ni yale maini ya kila jioni. Nani wa kumwambia?

Nguchiro alikuwa ameshafika kichaka cha tatu. Akasimama. Akageuka. Akarudi mbio.

"Pole, Mzee. Utotoni ulikula nini?"

"Miwa. Kama watoto wote."

"Lo! Lo! Lo! Basi ugonjwa huu haukuanza jana. Uliingia utotoni, na utatokea mlango ule ule. Dawa ni moja: urudie utoto."

"Nirudieje na mabega haya?"

"Uzaliwe upya, mbele ya watu, ule chakula cha mtoto kama kinavyotakiwa kuliwa. Lakini ukivunja katikati, Mzee, ugonjwa unarudi na ndugu zake."

Nyani alikitazama kidole chake. Kikampwita. "Nizaliwe lini?"

"Kesho asubuhi. Nitaita watu."

Watu wakaitwa. Digidigi akaja, Nungunungu akaja, Kakakuona akaja nyuma ya wote. Mzee Nyani amelazwa, amefunikwa majani ya mgomba. Nguchiro akazunguka mara tatu, akafunua majani, akapiga vigelegele, lililili! "Amezaliwa! Mtoto wa kiume!"

"Mbona ana meno?" akauliza Nungunungu.

"Kawahi," akasema Nguchiro.

Akalishwa uji wa mtama usio na asali. Akala kunde. Akala mchicha, uso ameukunja. Akauliza, "Miwa je?" Akaambiwa, miwa ndiyo iliyokuleta hapa. Mtoto akalia, hoo! hoo!, ndege wakahama mti.

Jioni kikapu kikapanda jabalini kama kawaida: mayai, maini, firigisi. Nyani akanyoosha mkono.

"Weee, mtoto!" watu wakapiga kelele.

"Nani mtoto?"

"Wewe! Umezaliwa leo, sote tumeona. Mtoto akila yai atakuwa mwizi. Mwiko wako mwenyewe!"

Nyani akatazama kulia, akatazama kushoto. Kidole kikampwita. Akarudisha mkono.

Kakakuona, ambaye huwaza polepole lakini hufika, akauliza, "Sasa fungu la mkubwa litaliwa na nani?"

"Na aliye mkubwa kuliko huyu mtoto," akajibu Nguchiro.

"Hata Mashavu?"

Digidigi akahesabu kwa kwato. "Mashavu alizaliwa masika yaliyopita. Huyu kazaliwa leo asubuhi. Mashavu ni dada yake mkubwa, tena kwa mbali!"

Mashavu akaletwa. Akapewa yai. Hakufundishwa na mtu: akaligeuzia mgongo jiwe, akalirusha yai nyuma, kati ya miguu yake njiti, pwaa! Akanywa, akalamba jiwe, akatazama kikapu tena. Na mama yake, kwa mara ya kwanza tangu masika, alitulia mahali pamoja. Alilia, na wala hakujificha.

Watoto wengine nao wakaja, maana nao walikuwa wakubwa. Jioni hiyo pwaa! Jioni ya pili pwaa! pwaa! Nyani akasikiliza. Alijigeuza huku, akajigeuza kule. Siku ya tatu uvumilivu ukamwisha. Mchana kweupe, watu wako mtoni, akaingiza mkono kikapuni. Yai moja. Akalimeza na ganda lake.

Nungunungu alikuwa anarudi. "Wewe mtoto, kuna nini ndevuni?"

Kilikuwa kiini.

"Mwizi! Mwizi! Mtoto kala yai, kawa mwizi!"

Mji ukajaa. "Jamani, kumbe Mzee alisema kweli! Siku ile ile! Hata haikufika jioni!" Nyani akafungua mdomo ajitetee. Angesema nini? Kwamba mwiko ni uongo? Akaufunga mdomo, akarudi kwenye mchicha.

Mvua za vuli zikaja. Goti likanyamaza, kidole kikapoa, Nyani akapanda jabali bila kuhema. Akamwendea Nguchiro. "Nimepona. Nataka ukubwa wangu."

"Una umri gani?"

"Miezi saba."

"Miezi saba unataka ukubwa! Ngoja jando, mwanangu."

Nyani alikuwa na nguvu za kumtafuna pale pale. Lakini alikuwa na kidole pia, na alikumbuka kilivyokuwa kikimkesha usiku. Wakati huo huo akapita mtu mbio, huyoo kulia, huyoo kushoto, mashavu yamejaa. Nyani akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," Mashavu akamjibu bila kusimama. "Mchicha umemaliza?"

Basi ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni, nitaitafuna mwenyewe.

Na funzo? Funzo liko wazi. Watoto, msile mayai, mtakuwa wezi. Nyani alikula moja tu, akawa mwizi siku hiyo hiyo. Na Mashavu aliyekula mia na asiibe hata punje? Huyo msimtaje mbele ya baba zenu. Ataharibu funzo.