Mkweche wa Nguchiro na Bwawa la Kiboko

"Paukwa."

"Pakawa."

"Mlioko nyuma mnanisikia?"

"Tunakusikia."

"Palikuwa na bwawa."

"La nani?"

"Basi tulieni, maana hilo ndilo swali lenyewe."

Hapo zamani kiangazi kilikuja kikakataa kuondoka. Mito ikakauka, visima vikakauka, hata umande ukasahau njia. Likabaki bwawa moja, na ndani ya bwawa akabaki Kiboko.

Kiboko hakusema kwamba maji ni yake. Alisema maji ni ya mshindi. Kila kiangazi aliitisha mbio za magari, kutwa nzima, kulizunguka bwawa. Sheria alitunga yeye, nazo zilikuwa mbili. Gari likisimama, limetoka. Gari litakalobaki likitembea jua likizama, mwenyewe ndiye mwenye bwawa mpaka masika. Mwamuzi alikuwa Korongo, mwenye miguu mirefu na maneno mafupi.

Kila mwaka Kiboko alishindana peke yake, na kila mwaka alishinda. Wanyama walimpigia makofi, kwa kuwa asiyepiga makofi hakupewa hata tope la kulamba.

Mwaka huo Nguchiro alikuwa na watoto watatu. Wawili walikuwa bado wanalilia maji. Wa tatu, Kitindamimba, alikuwa ameacha kulia tangu juzi. Alilala mlangoni mwa shimo, ulimi nje, na mama yake akimwita aligeuza macho, kichwa hakukiinua. Nguchiro aliyatazama macho yale, kisha akaenda kujiandikisha.

"Gari gani?" aliuliza Korongo.

"Nitakalolipata."

"Timu?"

"Nitakayoipata."

Korongo akaandika hivyohivyo.

Nguchiro akaenda kwa Nyati. Nyati akasema mgongo unamsumbua. Akaenda kwa Pundamilia. Pundamilia akasema ana harusi. Akaenda kwa Swala. Swala alikuwa ameshakimbia.

Hadi jioni alikuwa amepata wawili. Wa kwanza ni Mzee Kobe, ambaye aliwahi kuishi miaka saba chini ya lori bovu, kwa hiyo gari alilijua, ila kwa upande wa tumboni tu. Wa pili ni Kanga, ambaye hakujua lolote kuhusu magari, lakini alikuwa na sauti.

Wakaenda watatu kwa Ngiri, mwenye kiwanja cha magari yaliyochoka. Ngiri akawaonyesha mkweche mmoja, mlango wa upande mmoja umefungwa kwa kamba.

"Linatembea?" aliuliza Nguchiro.

"Lilitembea kuja hapa."

"Breki?"

"Mama, halina mwendo wa kudai breki."

"Na taa za nyuma?"

Ngiri akachana kitambaa chekundu, akakifunga nyuma palipokuwa na taa. "Hiyo sasa," akasema, "hata mchana inaonekana."

Nguchiro akatoa debe la mizizi, akiba yake yote. Ngiri akaanza kuitafuna palepale, wao wakiangalia.

Boneti ilikataa kufungika. Mzee Kobe akapanda juu yake akalala. "Mimi ndiye komeo," akasema. "Kanga, wewe kaa paani umwelekeze dereva, maana mimi nimemziba."

Kulipopambazuka walijipanga mstarini. Kiboko alikuja na gari lake jipya, pana kama zizi. Nyuma alibeba pipa la maji, kwa sababu ngozi ya kiboko ikipigwa na jua bila maji hupasuka. Akajimwagia kata ya kwanza mgongoni: mwaa. Wanyama wakapiga makofi.

Akamtazama Nguchiro. "Hilo ni gari au kabati la vyombo?"

"Ni gari, Bwana Kiboko."

"Mkifika njia panda mniwekee sahani mbili."

Korongo akashusha bawa. Gari la Kiboko likasema: ngrrroooo. Gari la Nguchiro likasema: kwata, kwata, kwata, pfff. Kiboko akatokomea. Nguchiro akasota katika vumbi lake.

Njia ya mbio ilipita mbele ya shimo la Nguchiro. Mzunguko wa kwanza alipita, akaita, "Kitinda." Macho yakageuka. Akaendelea.

Kiboko akawapita mara ya kwanza, akacheka. Akawapita mara ya pili, akacheka. Mara ya tatu hakucheka tena, alikuwa anapiga mluzi. Nguchiro akatazama jua. Jua lilikuwa palepale.

Adhuhuri gari likasema: kwata, kwata, kwa. Halafu likanyamaza.

"Babu, kuna nini?" aliuliza Nguchiro.

Mzee Kobe akatega sikio kwenye boneti. "Hakuna kitu, binti yangu. Ndiyo shida yenyewe."

Gari lilikuwa likiteremka kidogo, kwa hiyo magurudumu hayakusimama. Nguchiro akaruka chini, akaweka bega mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani, akasukuma. Kanga akashuka akavunja matawi ya mgunga, akayachomeka nyuma karibu na kile kitambaa, kama wafanyavyo wenye gari bovu ili anayekuja nyuma asiwagonge. Kisha akarudi paani akaanza kulia. Hakuwa anaigiza. Alilia kwa sababu mambo yalikuwa yamekwisha.

"Ole wetu, ole wetu, tumebaki na nani," alilia Kanga.

Mzee Kobe aliona jua ni kali na habari ni mbaya, akaingiza kichwa ndani, akaingiza miguu. Nguchiro akasukuma huku machozi yakimdondoka vumbini. Alijua kwamba mlima ukianza gari litasimama, na likisimama limetoka, naye atarudi shimoni mikono mitupu.

Ngrrroooo. Kiboko akaja kwa mara ya nne. Lakini safari hii mngurumo ukapungua. Ukapungua tena. Gari kubwa likawa linatambaa nyuma yao.

"Nguchiro," Kiboko akaita, sasa kwa sauti ya chini. "Nani katutoka?"

Nguchiro akageuka kumwambia kwamba hakuna aliyetoka ila injini. Hapo akaona anachokiona Kiboko. Akaona kitambaa chekundu. Akaona matawi mabichi. Akamwona Kanga paani akijipiga kifua, na gamba la Kobe mbele, limetulia kama jeneza. Na katika nchi ile, kama katika nchi yetu, hakuna anayeupita msafara wa msiba. Apitaye msiba huuita nyumbani kwake.

Nguchiro akaweka mkono kichwani. "Mzee Kobe," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Tulikuwa naye, akaingia ndani, hajatoka."

"Poleni sana," akasema Kiboko, akapunguza mwendo zaidi, akawasha taa. Alikuwa amepiga hesabu yake. Wakifika makaburini watasimama, na wakisimama, ameshinda, tena bila kuupita msiba wa mtu.

Nguchiro akapeleka mdomo karibu na gamba. "Babu, usitoke."

"Nitoke nikafuate nini huko?" Kobe akajibu kutoka ndani.

Wakaanza mlima. Kwata haikuwepo tena. Kulikuwa na pumzi ya Nguchiro tu: he, he, he. Gari likataka kurudi nyuma. Hapo Nyati akatoka kichakani, akavua kofia, akaweka bega.

"Na mgongo wako?" aliuliza Nguchiro.

"Msiba hauna mgongo, mama," akasema Nyati.

Pundamilia akaja. Swala akaja. Walipokezana kusukuma kama watu wanavyopokezana jeneza, huyu akichoka yule anaingia, na kila aliyeingia alisema, "Alikuwa mzee mwema." Kwenye mbio hakutokea hata mmoja. Kwenye msiba walikuja wote.

Wakafika njia ya makaburini. Wakaipita.

"Nguchiro," akaita Kiboko. "Mmepita makaburi."

"Marehemu aliacha wosia, Bwana Kiboko. Alisema apitishwe kwanza kote alikokuwa akitembea."

"Alikuwa akitembea wapi?"

"Kote."

Kiboko akafikiri. "Kwa mwendo gani?"

"Kwa mwendo wake."

Kiboko akajimwagia kata ya maji: mwaa. Upepo haukuwepo, kwa kuwa mwendo haukuwepo. Ngozi ilimwasha. Akajimwagia nyingine: mwaa. Waombolezaji wakageuka kutazama maji yale yakinywewa na vumbi.

"Bwana Kiboko," akasema Swala, "wafiwa hawajanywa tangu asubuhi."

"Nawaombea," akasema Kiboko.

Wakapita mbele ya shimo. "Kitinda," akaita Nguchiro. Macho yakageuka, polepole kuliko asubuhi.

Alasiri ikaja shida ambayo Nguchiro hakuitegemea. Kanga alianza kuona kwamba wanaweza kushinda, na sauti yake ikabadilika. Ole wetu ikapata mdundo. Mabawa yakaanza kucheza.

"Kanga," akanong'ona Nguchiro, "huo ni wimbo wa harusi."

"Dada, machozi yamekatika. Naona mwanga."

"Usiuone. Lia."

"Nilie nini?"

Nguchiro akasukuma hatua kumi nzima. Kisha akasema, "Mlilie Kitinda."

Kanga akalia. Nguchiro naye akalia, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kulilia. Jambo alilokuwa amelikimbia tangu juzi, sasa ilimbidi alitazame bila kupepesa, mzunguko baada ya mzunguko. Alimwona mtoto amefunikwa. Aliona shimo dogo, aliona ndugu zake wawili wakirusha udongo. Alasiri nzima alimzika mwanawe moyoni ili asije akamzika kweli, na kila alipotazama jua, jua lilikuwa palepale.

Nyuma yao gari la Kiboko likaanza kusema: shhh, shhh. Lilikuwa gari la kukimbia, na kutambaa juani kulilichemsha. Moshi mweupe ukatoka mbele.

"Rejeta yako inachemka, Bwana Kiboko," akasema Pundamilia. "Itie maji."

Kiboko akachungulia pipa. Ilikuwa imebaki kata moja. Akaitazama rejeta. Akautazama mgongo wake. Akaitazama tena rejeta. Akajimwagia mgongoni: mwaa.

"Makaburi hayako mbali," akasema.

Jua likagusa miti. Wakapita mbele ya shimo mara ya mwisho.

"Kitinda," akaita Nguchiro.

Macho yalikuwa yamefumba.

"Kitinda."

Wale watoto wawili walikuwa wamekaa pembeni ya mdogo wao. Nguchiro akainua mguu kwenda. Waliokuwa wakisukuma nao wakalegeza mabega, magurudumu yakapunguza mwendo. Gari likisimama, limetoka. Likitoka, maji hakuna, si kwa aliyefumba macho wala kwa wale wawili. Akarudisha mguu. Akaweka bega. Akasukuma, akiipa kisogo nyumba yake. Hakutoa sauti yoyote, na Kanga alipomwona naye akanyamaza. Msafara wote ukanyamaza. Kiboko mwenyewe akainamisha kichwa juu ya usukani.

Ndipo gari lake likasema: shhh, pfiii, kwa.

Likasimama.

Kiboko akakanyaga. Nyii. Akakanyaga tena. Nyi. Mbele yake mkweche ukaendelea kuteremka, kitambaa chekundu kikipepea, mpaka jua likaingia ardhini lote. Korongo akainua bawa.

"Nguchiro," akasema.

Juu ya boneti kichwa kikatoka. "Tumefika?" aliuliza Mzee Kobe.

"Marehemu anaongea," akasema Kiboko. "Korongo, marehemu anaongea."

"Sheria ni mbili," akasema Korongo. "Hakuna inayomkataza."

Haya Nguchiro alikuja kuyasikia baadaye, kwa wengine. Yeye alikuwa ameshachota maji kwa jani na alikuwa anakimbia. Alifika shimoni jani likiwa limebaki na matone matatu. Akatia tone la kwanza kinywani mwa mtoto. Likateremka shavuni. Akatia la pili. Likateremka shavuni. Akasubiri, kwa sababu la tatu lilikuwa la mwisho. Kisha akalitia.

Koo likasema: ngu.

Nguchiro akaketi chini. Watoto wakamwuliza kama wameshinda. Yeye alikuwa anasubiri koo liseme tena.

Likasema.

Usiku huo kila mnyama alikunywa, na asubuhi Kiboko akabandika sheria ya tatu: ni marufuku kulia katika njia ya mbio. Nyati akasema mgongo umeanza kumsumbua tena. Na Nguchiro, siku masika yalipokwisha, alionekana kwenye kiwanja cha Ngiri, debe la mizizi begani, akiuliza, "Hili linatembea?"

Sasa, wanangu, funzo. Kwanza, ukitaka kushinda mbio, nunua gari jipya. Pili, anayelia njiani hafiki. Tatu, maji yakibaki kata moja, jimwagie mgongoni, kwa maana mwili ndio mali. Asiyeamini akamwulize Kiboko.

Hapa ndipo gari langu liliposimama. Kama safari ilikuwa tamu, gawaneni. Kama ilikuwa chungu, shukeni, niachieni nilisukume peke yangu.