Sultani Aliyetazamwa Akikatwa Kucha

Hapo zamani, katika mji wa Shangama, palikuwa na Sultani Nasibu, na palikuwa na Bi Kazija, msuka mikeka asiye na mbele wala nyuma, ambaye watu walimwita punguani kwa kuwa kila alipoambiwa neno alilishika vile vile lilivyosemwa.

Basi ikawa wageni wameanza kumiminika Shangama kwa matembezi, na Waziri Shebe akamjaza Sultani maneno. Akanena, "Seyyidi, mgeni wa matembezi ni neema isiyo na gharama. Haombi shamba, haombi mke. Ataka kuona tu watu wakiishi maisha yao ya asili. Na kutazamwa hakumpunguzii mtu kitu."

Sultani akapendezwa, ikapigwa mbiu yenye maneno hayo hayo, na amri juu yake: yeyote atakayeingia kwa lango la mji na mzigo begani, akasema amekuja kutazama, asifungiwe mlango wowote, wala asipige hodi. Atakayemfungia, nyumba yake itabomolewa.

Nyumbani kwa Bi Kazija alikuwamo bintiye Somoe, amekaa eda ya marehemu mumewe. Mwanamke wa eda haonwi na wanaume wa kando. Hilo hata kuku wa Shangama walilijua. Wageni wakaingia na viatu hadi chumbani. Mmoja wao, mtu mpole sana, akamwomba Somoe alie tena, maana mwanzo wa kilio ulikuwa umempita.

Walipotoka, Somoe akageukia ukutani. "Mama, kesho wakirudi nafunga mlango. Na waibomoe."

Bi Kazija alijua bintiye hatanii, na nyumba nyingine hawakuwa nayo. Asubuhi akakunja mkeka, akautia begani, akawapitia majirani, nao wakachukua kila mtu kifurushi chake, wakatoka nje ya lango, wakageuka, wakaingia.

Bawabu akamkodolea macho. "Bi Kazija, si umetoka sasa hivi?"

"Nimetoka, baba. Ningeingiaje bila kutoka? Nimekuja kutazama."

Bawabu akaikumbuka mbiu, akaikumbuka na nyumba yake, akawapisha. Wakaenda moja kwa moja hadi kwa Sultani, na walinzi nao hawakuthubutu kufunga mlango. Wakamkuta ameegemea mto, kanzu imepandishwa magotini, mtumishi anamkata kucha za miguu, na mkewe Bi Aziza anamsuta kwa kula halua kitandani.

"Endeleeni, endeleeni," akasema Bi Kazija, akitandika mkeka. "Fanyeni kana kwamba hatupo."

"Mnataka nini?" akauliza Sultani.

"Maisha ya asili, Seyyidi." Akawageukia jirani zake. "Mnaona? Kumbe kucha za kifalme nazo hupinda."

Kizee mmoja wa nyuma akalalamika kuwa haoni, akaomba mguu uinuliwe kidogo. Bi Aziza akakimbilia nyuma ya pazia. Wakalifunua kwa adabu, wakamwomba arudie yale ya halua, pole pole.

Waziri Shebe akaja mbio. "Hawa si wageni. Mgeni hutoka mbali."

"Mbiu haikutaja umbali, Waziri. Ilitaja lango na mzigo."

Sultani akashusha kanzu. "Ewe mwanamke, umenivunjia heshima ndani ya nyumba yangu."

"Astaghafiru, Seyyidi. Tumekutazama tu. Waziri, hebu mkague, wewe ndiye mjuzi. Amepungua wapi?"

Waziri akaliangalia zulia. Sultani akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyetazamwa nyumbani kwa Bi Kazija. Na Bi Kazija akamweleza habari ya Somoe bila kupamba, hata ile ya kuombwa alie tena.

"Nimesikia," akasema Sultani. "Sasa nendeni zenu."

Bi Kazija hakuinuka. "Tutakwenda, Seyyidi. Ila tungependa kwanza kumwona Sultani akitengua amri yake. Tumeambiwa ni mila ya kale sana hapa, na hakuna aliye hai aliyewahi kuiona."

Sultani akacheka hata mguu ukamponyoka mtumishi, akaitengua amri pale pale. Somoe akamaliza eda yake faraghani. Na Waziri Shebe akapewa kazi ya kuwatembeza wageni, apige hodi kila mlango, asubiri aitikiwe. Na husemwa iko milango iliyomsimamisha juani mpaka alasiri.